Punguzeni viashiria, bei ionekane

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo linalowagusa vijana wengi wanaofanya biashara ya fedha za kigeni mtandaoni, nalo ni chati zilizojazwa viashiria, yaani mistari na namba zinazokokotolewa kutokana na bei, hadi bei yenyewe haionekani. Picha za chati hizo zinazunguka kila siku katika makundi ya WhatsApp na Telegram. Mishumaa, yaani alama zinazoonyesha bei ya kila kipindi, imefunikwa na mistari mitano ya wastani wa bei, juu yake kuna bendi za Bollinger zinazoizingira bei juu na chini, nyuma kuna wingu la Ichimoku, eneo lililopakwa rangi kati ya mistari miwili, na chini yamepangwa madirisha matatu: la RSI, la MACD na la stokastiki. Anayeanza huambiwa asubiri vyote vikubaliane, kisha anunue au auze. Mafunzo hayo yanatozwa ada, na kasoro yake ni ya hesabu kabla hata hatujafika kwenye maoni ya mtu.

Karibu viashiria vyote hivyo vinapikwa kwa unga mmoja. Kila mshumaa una namba nne tu: bei ya kufungua, ya juu, ya chini na ya kufunga. RSI inatoka humo, MACD inatoka humo, stokastiki, CCI (inayopima bei imekwenda mbali kiasi gani na wastani wake) na bendi za Bollinger zinatoka humo. Ukiviweka vitano ukasema vimekubaliana, umemuuliza shahidi mmoja mara tano, halafu ukaandika kwamba mashahidi walikuwa watano.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni stokastiki ya George Lane na kile kiashiria cha Larry Williams kinachoandikwa %R. Tuseme katika mishumaa 14 iliyopita EUR/USD, yaani bei ya euro kwa dola, ilifika juu 1.0900 na chini 1.0800, na sasa imefunga kwenye 1.0880. Stokastiki, kabla ya kulainishwa, inapima bei imefunga umbali gani kutoka chini: pipsi 80 kati ya 100 (pipsi moja hapa ni 0.0001), kwa hiyo inaonyesha 80. %R inapima kutoka juu: pipsi 20 kati ya 100, nayo inaandika -20. Ni rula ileile, imesomwa kutoka ncha ya pili. Hata hivyo zipo chati zenye vyote viwili, na mwenye chati anaamini kimoja kinathibitisha kingine.

MACD, iliyobuniwa na Gerald Appel miaka ya 1970, ni hivyohivyo. Mstari wake mkuu ni EMA (wastani unaozipa bei za karibuni uzito zaidi) ya mishumaa 12 kutoa EMA ya 26. MACD inapovuka sifuri, maana yake ni kwamba EMA ya 12 imeikata EMA ya 26, wala hakuna kingine kilichotokea. Mtu aliyechora EMA hizo mbili juu ya mishumaa, kisha akasubiri MACD ivuke sifuri ndiyo apate uhakika, amesubiri tukio ambalo tayari liko mbele ya macho yake. Na aliyeweka bendi za Bollinger kwa namba zake za kawaida, 20 (idadi ya mishumaa) na 2 (upana wa bendi), halafu akaongeza wastani wa kawaida wa 20, amechora mstari mmoja mara mbili, kwa sababu mstari wa katikati wa bendi hizo ndio huo wastani wa 20.

RSI inastahili maelezo zaidi, maana ndiyo inayowaumiza wengi. J. Welles Wilder aliitoa mwaka 1978. Inachukua wastani wa kupanda na wastani wa kushuka katika mishumaa 14 na kuvilinganisha. Wastani wa kupanda ukiwa pipsi 9 na wa kushuka pipsi 3, uwiano ni 3, na RSI ni 100 kutoa 100 gawanya kwa 4, yaani 75. Watu husoma 75 wakasema bei imepanda kupita kiasi, tuuze. Lakini fanya hesabu kinyumenyume: RSI inafika 70 pale kupanda kunapokuwa mara 2.33 ya kushuka. Soko lenye mwelekeo imara wa kupanda linaweza kukaa katika hali hiyo siku nyingi, na RSI itakaa juu ya 70 muda wote huo. Anayeuza kila inapogusa 70 anauza dhidi ya mwelekeo, tena na tena, na kila mara kiashiria kinampa moyo.

Kuna suala la kuchelewa pia. Wastani wa kawaida unabaki nyuma ya bei kwa nusu ya idadi ya mishumaa yake ukiondoa mmoja. Wastani wa 20 unachelewa kwa mishumaa 9.5, wa 50 kwa mishumaa 24.5. Kwenye chati ya saa moja, ambayo kila mshumaa ni saa moja, huo wa 50 unakueleza habari ya jana. Kuchelewa si kosa lake, ndiyo kazi ya wastani, kulainisha. Kosa linaanza mtu anapodai vitu vitano vyenye ucheleweshaji tofauti vikubaliane kabla hajaingia: ataingia kwa mwendo wa kile kinachochelewa kuliko vyote, wakati sehemu kubwa ya safari imeshakwisha na bei inajiandaa kurudi. Na akiacha sharti la kukubaliana, anaangukia shimo la pili. Katika viashiria saba, siku zote kutakuwa na kimoja kinachosema kile alichotaka kusikia.

Tusisahau udogo wa kioo. Wengi wetu tunafanya kazi hii kwa simu. Simu ikilazwa, kimo cha chati ni kama sentimita 6 au 7. Weka madirisha matatu chini, bei inabakiwa na sentimita 3. Ikiwa sentimita hizo 3 zinabeba pipsi 100, milimita moja ni zaidi ya pipsi 3. Kikomo cha hasara (bei ambayo biashara inayopoteza hujifunga yenyewe) cha pipsi 10 kinakuwa milimita 3, upana mdogo kuliko ncha ya kidole kinachojaribu kukisogeza. Hapo ndipo mtu anaweka kikomo mahali asipokusudia, na kulaumu broka, yaani kampuni inayomuunganisha na soko.

Sasa kazi yenyewe ya kusafisha. Nitaeleza kwa MetaTrader 4 ya kompyuta, programu ya kutazamia chati na kufanyia biashara, kwa kuwa imeenea sana, na hatua za MetaTrader 5 zinakaribiana nazo. Usianze kwa kufuta. Bofya chati kwa kitufe cha kulia cha kipanya, nenda kwenye "Template", kisha "Save Template", na uihifadhi chati yako ilivyo kwa jina kama "zamani". Baada ya hapo bonyeza Ctrl+I. Orodha ya viashiria vyote vilivyo juu ya chati itafunguka, pamoja na vile ulivyovisahau kwa sababu rangi yake inafanana na mandhari. Ctrl+B inaleta orodha ya michoro: mistari, mishale, maandishi ya wiki tatu zilizopita ambayo hayana kazi tena. Ctrl+G inaondoa vile viboksi vya gridi. Ctrl+L inaondoa nguzo za volyumu, na katika forex huna cha kupoteza hapo, kwa sababu volyumu hiyo huhesabu ni mara ngapi bei imebadilika kwa broka wako, si kiasi cha fedha kilichobadilishana mikono sokoni. Fungua akaunti za majaribio kwa broka wawili, uone nguzo zinavyotofautiana kwa mshumaa uleule.

Kabla ya kufuta kiashiria, kipime. Chukua biashara zako 30 zilizopita kutoka historia ya akaunti. Kwa kila moja rudi kwenye mshumaa ulioingilia, bonyeza Ctrl+D, na dirisha la data litakuonyesha thamani za viashiria vyote pale penye kishale cha kipanya. Ziandike katika Excel, kila kiashiria na safu yake. Halafu andika =CORREL(A1:A30,B1:B30) kwa kila jozi; inaonyesha safu mbili zinaendana kiasi gani, na 1 ni kuendana kabisa. Kwa kawaida RSI, stokastiki na CCI za kipindi kimoja hutoa namba za juu zinapolinganishwa. Jozi inayopita 0.8, baki na kimoja, chochote unachokielewa zaidi. Safu ya mwisho iwe ya maneno: je, kiashiria hiki kilibadilisha uamuzi wangu katika biashara hii? Ndiyo au hapana. Kile chenye hapana 30 ni pambo, kitoe bila huruma. Zoezi hili linachukua jioni mbili, na nalisisitiza kwa sababu mtu anayefuta kwa kuambiwa hurudisha vyote baada ya hasara ya kwanza. Aliyeona namba zake mwenyewe hana sababu ya kurudi.

Kibaki nini? Kwa maoni yangu, mishumaa, mstari mmoja wa wastani, ngazi za bei zisizozidi nne, na ATR. Kila kimoja kinajibu swali lake. Wastani unajibu mwelekeo: EMA ya 50 au ya 200, chagua moja. Ngazi zinajibu bei iligeukia wapi zamani, na zichorwe kwenye chati ya siku kabla ya kushuka kwenye chati ndogo. ATR, ambayo Wilder aliitoa mwaka uleule wa 1978, haizungumzii mwelekeo kabisa. Inapima mshumaa wa kawaida una masafa ya kiasi gani, na hilo ndilo linaloamua kikomo cha hasara kikae wapi.

Tahadhari katika kuisoma. Kwenye EUR/USD yenye tarakimu tano baada ya nukta, ATR ikiandika 0.00200 ni pipsi 20, wala si 200. Tuseme ndivyo ilivyo kwenye chati ya saa nne, na unaweka kikomo kwa mara 1.5 ya ATR: pipsi 30. Akaunti ina dola 200, na umejiwekea kutohatarisha zaidi ya asilimia 1, yaani dola 2. Loti (kipimo cha ukubwa wa biashara) ndogo kabisa kwa broka wengi ni 0.01, ambayo kila pipsi yake ni senti 10 za dola. Pipsi 30 ni dola 3. Biashara hiyo tayari imevuka mpaka wako kwa nusu nzima, hata kabla ya kuhesabu spredi, yaani tofauti ya bei ya kununua na ya kuuza. Uamuzi sahihi ni kuiacha, au kutafuta akaunti ya senti yenye loti ndogo zaidi. Hakuna mstari hata mmoja wa MACD unaoweza kukwambia hilo. Hesabu hii ya sekunde ishirini ndiyo inayozikwa chini ya rangi zote zile, na naona uchungu kila ninapomwona kijana anayejua kueleza mistari mitano ya Ichimoku lakini hajui kikomo chake cha hasara ni shilingi ngapi.

Wastani nao una mtego wake. Ukibadili chati kutoka siku kwenda saa nne, EMA ya 50 inabaki na namba 50, lakini sasa ni mishumaa 50 ya saa nne, siku nane na kitu. Soko la forex lina mishumaa sita ya saa nne kwa siku, kwa hiyo anayetaka kuona kitu kinachokaribia wastani wa siku 50 kwenye chati ya saa nne aandike 300. Njia nyingine ni kufungua sifa za kiashiria, kwenda kwenye kichupo cha "Visualization", kuondoa alama ya kuonekana kwenye chati zote, na kuacha D1 (chati ya siku) peke yake. Mstari utatokea ukiwa kwenye chati ya siku na kupotea ukishuka. Kichupo hiki kinasahaulika sana, na kinapunguza msongamano bila kufuta.

Ukimaliza, bonyeza F8 upange rangi. Kwa anayesoma chati mchana, mandhari meupe na mishumaa meusi na meupe huonekana vizuri juani kuliko mandhari meusi. Kijani na nyekundu haviwafai wasiotofautisha rangi hizo mbili, wakati bluu na chungwa huwafaa wengi wao. Hifadhi templeti kwa jina "safi", kisha uihifadhi tena kwa jina "default". Kuanzia hapo kila chati mpya itafunguka ikiwa safi. Kwenye simu, gusa alama ya f iliyo kwenye chati, futa viashiria kutoka kwenye orodha, na usiache dirisha la chini zaidi ya moja.

Jambo jingine linaloharibu namba kimyakimya ni saa ya seva ya broka. Seva inayofuata saa ya GMT huwa na mshumaa mdogo wa Jumapili, saa mbili tatu tu za biashara, na huo unahesabiwa kama siku kamili. Wiki inakuwa na mishumaa sita. ATR ya siku 14 inashuka isivyostahili kwa sababu ya mishumaa hiyo myembamba, na kikomo cha hasara kinabanwa. Seva inayofunga siku pamoja na New York, saa 11 jioni ya kule, haina tatizo hilo. Kwa saa zetu za Afrika Mashariki ni saa 6 usiku wakati wa majira ya joto ya Marekani, na saa 7 usiku majira ya baridi. Hesabu tu mishumaa ya wiki iliyopita kwenye chati ya siku: ikiwa mitano, uko salama.

Nigusie na viashiria vya kupakua, vile vya mishale vinavyouzwa kama siri. Faili ikiwa na mwisho wa .ex4, huwezi kuona hesabu iliyo ndani. Vingi huchora upya yaliyopita. Hata fraktali za Bill Williams, mishale inayoonyesha vilele na mabonde ya bei, ambazo ni halali na zimo ndani ya MetaTrader, mshale wake huthibitika baada ya mishumaa miwili kufunga, kisha unawekwa nyuma kwenye mshumaa wa kilele. Mguu wa mwisho wa ZigZag, mstari unaounganisha vilele na mabonde, nao husogea kadiri bei inavyokwenda. Ukitazama chati ya jana unaona kila kilele kimepigwa alama barabara, lakini jana yenyewe alama haikuwepo. Jaribio ni rahisi: kiweke kwenye akaunti ya majaribio, piga picha ya kioo kila mshumaa unapofunga kwa mishumaa 20, kisha linganisha picha ya kwanza na ya mwisho. Mshale uliohama au kutoweka, toa faili kwenye folda ya Indicators iliyo ndani ya MQL4. Na kiashiria kinachodai ruhusa ya kutumia DLL (faili za programu zilizo nje ya MetaTrader), usikipe. Ruhusa hiyo inafungua mlango wa kompyuta yako nzima, pamoja na nywila.

Kwa wanaotazama hisa za Dar es Salaam au Nairobi, onyo ni kali zaidi. Kampuni ambayo siku nyingine hisa zake haziuzwi kabisa hutoa chati yenye mstari mnyoofu na vidato. Bendi za Bollinger hubanana hadi karibu kushikana, halafu mauzo machache tu ya bei tofauti yanazivunja, na mtu anadhani ni mlipuko wa soko. RSI ya hisa kama hiyo haipimi kitu. Soma idadi ya hisa zilizouzwa na taarifa za kampuni.

Mwaka 2018 ESMA, mamlaka ya Umoja wa Ulaya inayosimamia masoko ya mitaji, ilieleza kuwa kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za wateja wadogo wa CFD (mikataba ya kubashiri mabadiliko ya bei bila kumiliki mali yenyewe) hupoteza fedha. Kusafisha chati peke yake hakumtoi mtu katika kundi hilo. Ila fedha zinazopotea huku kwetu ni ada za watoto, ni mtaji wa genge, ni mkopo wa kikoba, na kosa linaloweza kuondolewa bila gharama halina sababu ya kubaki.

Ombi langu kwako Mhariri, na kwa wenzako wa ukurasa wa uchumi: mnapochapa picha ya chati, chapeni mishumaa na bei zake pembeni, na kama kuna kiashiria, kiwe kimoja, namba yake iandikwe. Kwa wanaofundisha, mwezi wa kwanza uwe wa chati tupu. Mwanafunzi aeleze kwa maneno bei imefanya nini tangu London ifunguliwe, saa 4 au 5 asubuhi yetu kutegemea majira, na aweke alama ya wima penye taarifa ya ajira ya Marekani, ambayo kwa kawaida hutoka Ijumaa saa 9:30 alasiri au 10:30 jioni, maana dakika hizo hakuna kiashiria kinachojua kinachokuja. Asiyeweza kuielezea chati tupu asiongezewe mstari.

Atakayehisi kapungukiwa baada ya wiki mbili, templeti ile ya zamani bado ipo. Aifungue kwenye dirisha la pembeni, atazame biashara alizoingia kwa chati safi, na aandike ni ipi kati yake ambayo kiashiria alichokiondoa kingembadilishia uamuzi.

Mfundishaji wa usomaji wa chati,
Dar es Salaam